Somo Yangu Yuko Ng'ambo ya Kizuizi

Safari ya mpakani nimeipanga mara nyingi kuliko nilivyosonga ugali maishani, na huo mpaka wenyewe sijauvuka hata siku moja. Watu wakinisikia nikieleza kwa simu jinsi barabara inavyoanza kupinda, jinsi milima inavyokubana kushoto na kulia, ni wapi pa kuweka kamera chini na ni wapi pa kunyoosha uso, hudhani nilizaliwa kule. Nilizaliwa Nyandarua, kwenye baridi na viazi. Hiyo milima ya mpakani niliijua kwa picha za wateja na kwa mdomo wa dereva wetu.

Ofisi iko Al Rigga, nyuma ya duka la manukato, juu ya ngazi ambazo mgeni hazioni asipoelekezwa. Haina dirisha. Ina meza mbili, kiyoyozi kinachotonesha maji kwenye ndoo, na kabati la chuma la arbab, bwana mwenye kampuni, ambaye hukaa amelipa mgongo. Pasipoti yangu imo ndani ya hilo kabati. Ilinitoka mkononi wiki ileile niliyofika Dubai. Alisema ni ya kupigwa muhuri tu, na tangu hapo ukimuuliza anakujibu kama mtu anayembembeleza mtoto: "Iko salama kwangu. Ukikaa nayo utaipoteza." Sasa hebu ona maajabu: kazi yangu mimi ni kukusanya pasipoti za watu wengine.

Ziara yetu ni ya siku moja. Basi dogo linazoa wateja kwenye hoteli za Marina kabla jua halijawa kali, linapita Deira, linakata jangwa, halafu linapanda milima ya mashariki mpaka kwenye malango mawili, moja letu na moja la Oman, na katikati yake kipande cha barabara kisicho cha mtu. Hapo kuna askari wenye bunduki, kamera juu ya nguzo, na seng'enge inayopanda jabali mpaka unajiuliza aliyeifunga alipumulia wapi. Huwezi kujiendea tu. Pasipoti za wasafiri lazima zitangulie siku kadhaa, mtu wetu wa upande wa pili azipeleke kwa wakubwa, wakubwa waseme nani apite na nani abaki. Mimi ndiye ninayezituma. Mzungu mmoja aliwahi kuniuliza kama hizo bunduki ni za kweli. Nilipomwambia ni za kweli alifurahi mno, akamwongeza na mkewe.

Nilikuwa na hotuba yangu, ningeweza kuisema nikiwa nimelala. Usipige picha lango. Usifanye mzaha na askari. Shika pasipoti yako mkononi. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa, usiongeze chumvi. Nikimaliza kuisema nilikuwa narudi kitandani kwangu Deira, kitanda cha juu katika chumba cha wanawake sita, nalala uso ukiwa karibu na dari, na nawaza: mimi ni mlinda mlango wa nyumba nisiyoruhusiwa kuingia wala kutoka. Miaka yote tangu nije Dubai mama yangu nilikuwa namwona kwenye kioo cha simu. Kuomba likizo ni kuomba pasipoti, na kuomba pasipoti ni kuanzisha vita. Nilikuwa nimechoka vita. Wacha niseme ukweli, nilikuwa na hasira ya kudumu, ile ya kukaa tumboni kama ulikula githeri mbichi.

Alasiri moja nikasikia mtu mlangoni akisema, "Hodi hapa!"

Dubai hakuna anayebisha hodi. Watu wanabonyeza, wanagonga, wanapiga simu wakiwa nje ya mlango. Nilijikuta nimeshaitika "Karibu!" kwa sauti ya nyumbani kabla sijamwona. Akaingia mama mzee wa buibui, mfupi, ananukia udi, anahema kwa sababu ya ngazi. Alikaa bila kuambiwa, akanitazama, akangoja. Nikamwambia, "Hujambo, bibi?" Akaendelea kungoja.

"Kwenu hakuna wakubwa?" aliniuliza.

Nikaelewa. Kwetu bara shikamoo ilikuwa ya kwenye vitabu vya shule, hakuna anayemwamkia nyanya yake hivyo. Nikaitoa, ikatoka imepinda. "Marahaba mwanangu," akasema, na uso ukamfunguka. Alikuwa mtu wa Unguja, ameishi Deira tangu aletwe biarusi, mumewe keshatangulia mbele ya haki, na Kiswahili chake kilikuwa safi mpaka nikaona haya kufungua mdomo.

"Nnataka kwenda kwenye hiyo safari yenu ya mpakani," alisema. "Nnakwenda kwa somo yangu."

Mimi nilifundishwa na mwalimu aliyetuchapa kwa ngeli. Nikamrekebisha, aki ya Mungu nikamrekebisha mzawa wa Unguja: "Somo langu, bibi."

"Lako?"

"La. Namaanisha tunasema somo langu. Na kule hakuna masomo. Kuna kiongozi anayewaeleza watu historia kidogo kwenye basi, basi. Labda ungetafuta darasa la msikitini?"

Alinikodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaushika ukingo wa meza, na arbab akageuza shingo. "Lahaula! Mwanangu, somo si wa kusomwa. Somo ni mtu. Ni yule mliyeitwa jina moja. Ndio maana somo yangu, si somo langu. Somo langu ni la ubaoni."

Akanieleza, na mimi nikaacha simu ilie. Mwenzake alitangulia kuzaliwa, nyumba ya pili kutoka kwao. Mama yake bibi akalipenda lile jina, akaliomba, akampa yeye. Wakakua pamoja, wakaenda chuoni kusoma Kurani pamoja, wakafundwa pamoja walipovunja ungo. Ukishakuwa na somo humwiti jina lake tena, maana ni kama kujiita mwenyewe. Unamwita somo, naye anakuita somo. Wakaolewa. Mmoja akaletwa Dubai, mwingine akapelekwa Oman, kwenye kijiji cha milimani kilicho karibu kabisa na lango lile. Kila Idi yule somo aliteremshwa kwa gari hadi Deira, wakakesha wakicheka na kusutana mpaka watoto wakachoka nao.

Kisha somo akapigwa na kiharusi.

"Hana ulimi tena," bibi alisema. "Wananambia, bi mkubwa piga simu, atakusikia. Nnapiga. Nnasikia pumzi. Nizungumze na pumzi mpaka lini? Nnataka nimwone na anione. Daktari keshawaambia wanawe wasimchukulie safari ndefu, na wala wasijiwekee matumaini marefu."

Nikamwomba pasipoti. Hapo ndipo sauti ilipomshuka. Pasi yake ilikuwa ya visiwa vya mbali, si vya kwao Unguja, ambavyo hajavikanyaga hata ndotoni; wakubwa wa hapa huwanunulia uraia wake wasio na uraia kama yeye, na ilikuwa imekwisha muda. Nyingine mpya ingekuja, inshallah, na hiyo inshallah ilikuwa na mwaka mzima. Mwanawe wa kiume alikataa kata kata kumpeleka. Alisema mpakani hakuendwi na karatasi za mashaka, watakuzuia na mimi watanifukuzisha kazi. Sikumlaumu. Mji huu unakufundisha kuogopa kwanza, kufikiri baadaye.

Basi tukakaa pale wanawake wawili, yeye hana pasipoti inayofaa na mimi yangu imefungiwa hatua chache kutoka mgongoni mwangu. Nikamwambia wazi, "Bibi, bila pasipoti huvuki."

"Nani kaomba kuvuka?" akanijibu. "Nimeomba kufika."

Hapo akili yangu ikaamka. Upande wetu, kabla ya lango, kuna kafeteria ya chai ya karak, ile ya maziwa iliyokolea, na madereva wote huijua. Watu wa Oman huvuka kuja kwetu kwa kitambulisho tu. Kama binti ya somo angemleta mama yake kwa gari mpaka hapo, mwendo mfupi tu kutoka kijijini kwao, na bibi afike kwa basi letu, wangekaa meza moja. Wateja wangevuka na safari yao, bibi angebaki kafeteria, na jioni tungemrudisha Deira. Nikampigia huyo binti palepale. Alilia kwenye simu. Akasema, "Mpangie, dada, tafadhali mpangie."

Nikapanga. Nimewapangia mabalozi na watu wa televisheni, lakini sijawahi kupanga vile. Nilitafuta kiti cha mbele kisichorusha. Nikaongea na Mmalabari, Mhindi wa kusini mwenye kafeteria, anitengee meza ya ndani, mbali na mlango, karibu na choo, ambayo kiti cha magurudumu kingeweza kuifikia. Nikamuuliza dereva wetu, Mpathani mwenye ndevu za hina, kila kokoto ya mahali pale. Halafu nikamwendea arbab kumwambia lazima mtu amsindikize mama huyu, na huyo mtu ni mimi.

"Wewe huna pasipoti," akasema.

"Najua," nikamjibu. "Iko nyuma yako."

Nikafikiri sasa nimejichongea. Akacheka. "Yalla, nenda. Lakini wewe unaishia langoni." Utafikiri alikuwa ananipa zawadi.

Siku ya safari bibi alitoka na harufu iliyojaza basi zima, na mapajani alipakata mkate wa kumimina kwenye bati lililofungwa kwa kitambaa. Aliukeshea, alisema. Somo akiupenda huo kuliko nyama, na hata kama hawezi kutafuna, iliki ataisikia. Nyuma yetu watalii walikuwa wanalalamika kuwa basi halina mtandao. Bibi alizungumza njia nzima. Alinifunza kusuta, akaniuliza kwa nini sijaolewa, akaniambia nywele zangu nimezifanyia uadui. Nilicheka kama sijacheka tangu nije nchi hii.

Kisha milima ikaja. Mtu angedhani ningefurahi. Kila kona niliijua kabla haijafika: hapa barabara inaingia kivulini, hapa kuna mnara wa walinzi, hapa dereva atazima redio. Nilikuwa nimewauzia watu mahali pale miaka na miaka, na mahali penyewe palinijia kama kitu nilichokwisha kukitumia. Nilikasirika mpaka macho yakanilowa. Bibi akaniona, akaninyooshea kitambaa, hakuuliza kitu.

Tulipofika kwenye foleni ya lango simu yangu ikalia. Binti ya somo. Walikuwa wamefika lango la upande wao, mama yake amekaa kiti cha mbele, na wamezuiwa. Siku hizo hali ya eneo zima ilikuwa imechafuka, meli na ndege za vita zilikuwa kwenye habari kila jioni, na asubuhi ile amri ilikuwa imetoka: malori na mabasi ya ziara yenye kibali yapite, magari ya watu binafsi yasipite, kwenda wala kurudi. Mimi ninayepanga kila kitu, hilo ningelipanga vipi?

Dereva akashuka kuongea na askari aliyemjua kwa sura. Akarudi mbio. Kulikuwa na upenyo mmoja. Mgonjwa mwenye ndugu wa damu, yaani mama, baba, mtoto, kaka au dada, angeruhusiwa kuonana naye pale katikati ya malango kwa dakika chache, askari akiwa amesimama. "Aseme dada," dereva akasema. "Ukhti. Neno moja, khalas." Akapanda basi, kwa sababu wateja walikuwa na kibali chao na foleni ilikuwa inasonga, akatuacha mimi na bibi kando ya barabara na bati la mkate.

"Uongo uzeeni," bibi alinung'unika. "Haya. Mwenyezi Mungu anajua somo ni zaidi ya dada."

Mimi nikajiona mjanja. Nikamwambia, bibi, vitambulisho vina majina ya baba, na baba zenu si mmoja. Kwa hiyo useme dada wa kwa mama. Mama mmoja, baba mbalimbali. Bibi akanisifu, "Ama una akili, mwanangu." Tukakariri tukitembea. Mama mmoja, baba mbalimbali.

Askari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwita bibi hajja, akamletea kiti kivulini. Bibi akaeleza kwa Kiarabu chake kilichonyooka. Dada yangu, kwa mama, anaumwa, yuko kwenye gari lile pale. Askari akachukua kitambulisho chake cha ukaazi, akaongea kwa redio na wenzake wa lango la pili, nao wakamsomea cha mgonjwa. Akasikiliza. Akamwambia yule wa redio arudie. Akakitazama kitambulisho alichoshika, akamtazama bibi.

"Hajja, dada yako anaitwa nani?"

Bibi akalitaja jina.

"Na wewe?"

Kwa muda ule wote tuliotafuta pa kuuficha uongo wetu, mimi, bibi na yule Mpathani, hakuna aliyekumbuka neno somo lina maana gani. Nilikuwa nimelipenda lile neno kiasi cha kusahau kilichomo ndani yake. Baba tuliwatenganisha vizuri sana, jina tukaliacha palepale.

Bibi akalitaja jina lake kwa sauti ya chini.

"Mama yenu aliishiwa na majina?" askari akauliza. Hakusema kwa ubaya. Hata alitabasamu kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka.

Mimi niliyewaambia mamia ya watu wajibu walichoulizwa tu, nikafungua mdomo. Kwa Kiarabu changu cha sokoni nikaanza kumweleza habari za somo. Wameitwa jina moja kwa makusudi. Wamekua pamoja. Wamefundwa pamoja. Yeye ni kama dada.

"Kama dada si dada," akasema.

Nilitaka kupiga ile meza yake. Nilitaka kumwambia wewe una mpaka mmoja tu wa kulinda, sisi kila tunapogeuka tunakuta lango, kabati, muhuri, mtu aliyekaa juu ya ufunguo. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Bibi akanishika kiwiko.

"Mwache, mwanangu. Kasema kweli. Aliyesema uongo ni mie." Kisha akamgeukia yule kijana, akamwambia kwa Kiarabu kitu ambacho baadaye alinifasiria: "Kwenu kuna neno la mtu wa jina langu, lakini kwenu ni neno tu. Kwetu ni mtu."

Askari akavua kofia, akafuta jasho, akaenda kuongea na mkubwa wake. Aliporudi alisema hawezi kumwingiza katikati, hilo limekwisha. Lakini hajja anaweza kusimama pale kwenye kizuizi cha upande wetu, na gari litaletwa kwenye kizuizi cha upande wao, watazamane kidogo. Hakuna simu juu, hakuna picha. Na huo mkate, kama ni mkate tu, ataupeleka yeye mwenyewe.

Alilifungua bati, akanusa, akalifunga tena kwa adabu. Tukamwona akitembea nalo kwenye kile kipande cha barabara kisicho cha mtu, bunduki mgongoni, bati mbele kwa mikono miwili. Mkate ulivuka. Sisi tukabaki tumekishika kizuizi.

Gari lilikuwa jeupe. Likaja taratibu, likasimama. Kati yetu kulikuwa na lami, joto linalotetemeka, na upepo wa mlimani.

"Somo!" bibi akaita. Sikujua kifua kile kina sauti ile. "Somo wee! Ni mie!"

Akazungumza. Alizungumza kwa kupaza, kama wanawake wanaosemezana juu ya ua. Nimekuja, unanisikia? Miguu ilitaka, karatasi ndizo zimegoma. Idi ilipooza bila yako. Yule jirani yangu mwenye mdomo kahama, shukuru Mungu. Kuna mkate huo, nimetia iliki nyingi, wakuwekee puani. Usiwe na hofu, somo. Mie sina hofu. Alipokuwa anasema hivyo mikono yake ilikuwa juu ya chuma, na chuma kilikuwa cha moto, na hakuitoa. Malori yalipita kando yetu yakilifunika neno moja moja. Akarudia kila lililofunikwa.

Binti akashuka upande wa pili. Akazunguka, akafungua mlango wa kiti cha mbele, akainama. Niliona mtandio wa zambarau na uso ulioegemea pembeni. Kisha mkono ukainuka, ukapunga. Nina macho mazuri, Mungu alinipa hayo. Niliona vidole vya binti vimeuzunguka ule mkono kwenye kifundo. Ulipunga kwa muda wote alioushika, na alipouachilia ukaanguka.

Askari akatuonyesha ishara kuwa yatosha. Gari likarudi kinyumenyume.

Mle kafeteria meza yangu ya ndani ilikuwa inatungoja, na Mmalabari alikuwa ameipangusa vizuri. Tulikuwa na saa nyingi za kungoja basi lirudi. Nikaagiza chai. Bibi alikunywa nusu, akakaa akiutazama ukuta, nami nikamwacha, nikijua amechoka. Nilikuwa najipangia maneno ya kumfariji. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, nikuulize. Macho yangu mimi mwisho wake ni pale kwenye chuma. Kule mbele nimeona weupe tu. Nimezungumza na weupe." Akavuta kiti karibu. "Alikuwepo?"

Haki ya nani, sikuwa nimelifikiria hilo. Sauti yote ile alikuwa anairusha gizani.

"Alikuwepo, bibi."

"Kavaa nini?"

"Mtandio wa zambarau."

"Aa, wa Idi ile," akasema, na uso ukaanza kumnawiri. "Kakonda?"

"Kidogo."

"Alinisikia?"

"Nadhani alisikia."

"Alinipungia?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli hapo, na sikuitaka. "Alikupungia, bibi. Alikupungia sana."

Alicheka. Alijipiga paja, akacheka na machozi, akamshukuru Mwenyezi Mungu mara tatu, na mimi nikacheka naye. Kwa mara ya kwanza siku ile nikaona labda tumepata kitu. Akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Kwa mkono gani?"

Nikajibu upesi, nimefurahi kuwa hili angalau si uongo. "Wa kulia."

Akaacha kujifuta. Akaishika bilauri ya chai kwa mikono miwili, akaitazama.

"Huo wa kulia ndio uliokufa, mwanangu," alisema.

Nilitazama meza. Alinigusa goti, taratibu, kama kwamba mimi ndiye niliyefikwa na jambo.

"Basi ni binti. Binti yake ndiye alonipungia." Akaisogeza bilauri kando. "Mpigie simu huyo binti. Mwambie nimeona."

Nikampigia. Nikamwambia bibi ameona.